Boma la Gitonga Halifungwi

Ndugu yangu Gitonga,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetufinyanga sisi wawili kwa udongo mmoja wa Kiirua. U mzima? Najua swali hilo haulizwi mtu aliyelala, lakini mimi sijui kuanza barua bila kuuliza afya. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinicheka kwamba hata maagizo ya vita nayaanza na "habari zenu." Kwa hiyo nakuuliza. Kifua kimepoa? Nataka kuamini kwamba huko uliko unapumua vizuri, bila ile dawa ya kupuliza mdomoni, bila kusimama dirishani ukitafuta hewa.

Sisi tuko wazima. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini viazi anapanda mwenyewe, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayempikia. Makena wangu amemaliza darasa la nane na sasa ananipita urefu.

Leo ni Ijumaa. Wewe unajua maana yake. Nimefungua ofisi yetu, nikafagia, nikataipu barua za walimu wa Kaaga, nikatuma faksi ya yule mtu wa maua wa Timau anayepiga kelele kana kwamba faksi haisikii. Halafu nikarudisha mlango nusu, nikapiga Nairobi kwa ile modemu yako inayolia kama paka aliyekanyagwa, nikatuma maagizo ya mchezo wetu. Boma limesimama, Gitonga. Nimekuambia hilo kwanza ili usome kwa moyo mtulivu, maana yanayofuata yananichoma.

Wenye mchezo wameahirisha tena.

Sehemu ya pili ya Nchi ya Majoka, ile waliyotuahidi ukiwa hai, ile uliyokuwa ukiiota ukiwa macho, haitoki mwaka huu. Wameandika kwa upole mwingi, kama mtu anayekopa. Ati wanaomba subira, ati ramani mpya ni kubwa kuliko walivyodhani. Safari hii hata msimu hawakutaja. Nilisoma ile imeli nikiwa nimesimama, nikasema kwa sauti, "Kwani mnajenga mbingu?" Mteja mmoja aliyekuwa akingoja fotokopi akageuka kuniangalia. Nikamwambia nazungumza na kompyuta. Akachukua karatasi zake akaenda.

Unakumbuka walipotuahidi mara ya kwanza? Waliandika kwamba itatoka majira ya joto. Ukaniambia, "Dada, hiyo ni Februari." Nani angekubishia? Februari ndiyo jua linapasua ardhi ya nyumbani. Tukajiandaa kama watu wanaongoja bibi harusi. Ukaisafisha kompyuta kwa kitambaa cha miwani, mimi nikajaza thermosi chai, tukakaa. Hakuna kitu. Ukawaandikia kwa hasira: "Joto limekuja na limeisha. Mko wapi?" Ni yule mama wa Norwei, jirani yetu mchezoni wa upande wa mto, aliyetueleza taratibu kwamba kwao joto ni Julai. Julai! Wakati sisi tumevaa makoti mawili na ukungu wa Mlima Kenya unaingia mpaka ndani ya kikombe cha uji. Tulicheka mpaka ukabanwa na kifua nikakusugua mgongo. Julai tukangoja tena, blanketi moja miguuni petu wawili, na wao wenye joto lao hawakupata kitu pia. Ukasema, "Angalau sasa tumedanganywa sote pamoja."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Mimi hata sikutaka mchezo. Nilikuja ofisini kwako kujifunza kutaipu baada ya cherehani kunichosha macho, nami shule niliiachia darasa la saba, Kiingereza changu kinachechemea. Ukaniambia njia nzuri ya kujifunza ni kuwa na boma, ukanikaribisha katika lako. Hakuna picha, ulisema, ni maneno tu. Watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja na boma lake la kuwazia katika nchi moja yenye misitu na majoka. Kila Ijumaa unaandika maagizo: wangapi walime, wangapi walinde, nani apelekwe kuongea na jirani. Jumatatu majibu yanarudi, na unajua kama umevuna au umechomewa. Nilianza kwa kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Siku ile walinzi wangu wa mashariki walipolirudisha joka msituni, uliruka ukagonga kichwa kwenye rafu. Nilijua basi kwamba nimepatikana.

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo hukuliona.

Ulipotuacha, nilitaipu mimi mwenyewe karatasi ya mazishi yako, kwenye kompyuta yako, kwa sababu sikutaka mkono wa mtu mwingine uandike jina lako. Ilikuwa Ijumaa. Nilipomaliza, nikaona saa ya maagizo imefika. Sikuwa na akili ya vita. Unajua kwetu, mtu akiwa hajazikwa, hakuna jirani anayeshika jembe. Watu wanakuja kukaa. Basi nikaandika kama vile ningeandika nyumbani, kwa kile Kiingereza changu: Mwenye boma amefariki. Hakuna kulima. Walinzi waweke mikuki chini. Watu wote wakae na familia mpaka azikwe.

Nikatuma. Sikufikiria kwamba mchezo haujui matanga. Mchezo unajua tu kwamba hukulima na hukulinda.

Tulikuzika Jumamosi, mvua ikikataa na kukubali. Jumanne nilipokuja ofisini nikafungua majibu nikitarajia majivu. Mazao yalikuwa yameoza shambani, kweli. Ghala tupu. Lakini chini yake, Gitonga, kulikuwa na orodha ndefu, na mwanzoni sikuielewa. Wenye mchezo walikuwa wamewatumia majirani wote maneno yangu kabla ya kufunga zamu. Yule mama wa Norwei alituma magunia ya ngano na akaagiza watu wake wakae langoni petu. Yule kijana wa Brazili naye. Na yule Mwamerika, yule mchokozi aliyetuchomea ghala mara mbili, uliyekuwa ukimwita fisi wa kaskazini! Aliandika agizo moja tu: Watu wangu waweke mikuki chini na wakae nao. Hata majirani ambao hatujawahi kuongea nao, zamu ile hawakulima. Nchi nzima ilikaa chini kwa ajili ya mtu wa Kiirua.

Nililia pale kwenye kiti chako. Sikulia hivyo hata kaburini, kwa sababu kaburini kulikuwa na watu wa kupokea na sufuria za kuhesabu. Tangu siku hiyo niliapa boma hilo halitaanguka mikononi mwangu.

Sasa vita vimekuja kutoka pande mbili, na hakuna joka hata moja ndani yake.

Upande wa kwanza ni baba mdogo. Unamjua, mzee wa kanisa mpaka kucha za miguu. Alikuja ofisini akakuta nimefungua majibu ya Jumatatu, akavaa miwani, akasoma neno joka, akaivua. "Karimi," akasema, "unafuga joka la Ufunuo katika ofisi ya marehemu?" Nikamwambia, "Baba mdogo, Mikaeli alipigana na joka na hatukumtenga kanisani." Akakohoa. Lakini hakuwa amemaliza. Kilichomsumbua hasa kilikuwa jina lako, kwamba bado liko pale juu, Boma la Gitonga, na kila wiki naliita. Alisema mtu aliyeondoka bila mke, bila mtoto, jina lake huachwa lipumzike. Halipewi mtoto wa mtu, na zaidi sana halitaipiwi kwenye mashine. "Mwache alale," akasema. "Na watu wanaongea. Mwaka elfu mbili huo unakuja, na wewe unaita wafu kwa simu."

Siku hiyo nilienda nikaomba. Sikuomba ruhusa, nakuambia ukweli, niliomba nguvu. Na nilipoinuka moyo wangu ulikuwa mtulivu. Mungu aliyeruhusu fisi wa kaskazini aweke mkuki chini hawezi kunikasirikia kwa kuandika jina la ndugu yangu.

Upande wa pili ni watengenezaji wenyewe. Ndani ya imeli hiyohiyo ya kuahirisha waliweka jambo lingine mwishoni, kama mtu anayekupa habari mbaya akiwa tayari ameshika mlango. Wanapanga nani atavuka kwenda sehemu ya pili. Boma lolote litavuka na mali yake na majirani zake, lakini lazima liwe na kichwa kilicho hai. Na kwa kuwa niliwaambia mimi mwenyewe kwamba wewe umefariki, Boma la Gitonga lichaguliwe kichwa kipya kwa jina lingine, ama litafungwa siku nchi ya zamani itakapofungwa.

Kwa jina lingine! Nilipiga meza. Kalamu zote zikaruka.

Wakati huo baba mdogo alikuwa pale tena, amekuja kufotokopi karatasi za kanisa, nami sikuweza kujizuia. Nikamsomea ile imeli, nikimtafsiria. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Unaona? Hata wazungu wanajua ni vizuri kumwachilia mtu."

Nikamwambia, "Baba mdogo, kaa kwanza." Akakaa, kwa mshangao nadhani. "Makena wangu ana jina la nani?" Akasema la nyanya yangu, aliyemzaa Mama. "Na Mama akimwita, anamwitaje?" Anajua vizuri. Mama anamwita "mama." Mwanamke mzee mwenye magoti mabovu anamwita msichana wa darasa la nane "mama," anamsalimu kwa heshima ya aliyemzaa, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kusema ni uchawi. "Na wewe," nikamwambia, "jina lako ulilitoa dukani? Si ni la babu yako? Babu yako amefungwa? Si anakuja kanisani kila Jumapili na viatu vyako?"

Akacheka, Gitonga. Alijaribu kukohoa lakini kicheko kikamshinda. Halafu akarudi kuwa mzito. "Lakini hao walizaa, Karimi. Gitonga hakuzaa."

Nikamwonyesha kioo cha kompyuta. "Alizaa hili. Na anayelilea ni mimi."

Hakusema ndiyo. Nami sikumngoja aseme. Nikageuza kiti nikaandika, kwa Kiingereza kilekile kinachochechemea, yeye akiwa nyuma yangu anapumulia shingo yangu kusoma. Niliwaambia hivi: Kichwa cha zamani alikuwa Gitonga. Kichwa kipya ni Gitonga. Sisi watu wa Meru, mtu akiondoka, jina lake analichukua anayefuata, naye anasalimiwa kwa heshima ya yule wa kwanza. Huyu si mfu. Huyu ni mtoto wa jina. Anayemlea ni mimi Karimi, dada yake, mzima wa afya, namshukuru Mungu. Msifunge boma. Na sehemu ya pili mtaleta lini? Tumechoka.

Baba mdogo akauliza swali moja tu kabla sijatuma. "Na huyo Gitonga mdogo, ataanza na nini? Analima au analinda?"

Nikasema ataanza na kulima.

"Vizuri," akasema. Akachukua karatasi zake za kanisa.

Jibu lao lilikuja juzi. Wamekubali. Wameandika kwamba hawajawahi kuona boma likirithiwa hivyo, na kwamba wataliandika jina kama nilivyolitaka. Kuhusu sehemu ya pili, waliruka swali langu kama maji ya barabarani. Basi nitawauliza tena Ijumaa ijayo, na ile nyingine. Majirani wengi wamechoka. Yule kijana wa Brazili ameondoka, boma lake limeota magugu. Wengine wanasema haitatoka kamwe, kwamba tunafanywa wajinga. Labda. Mimi nimengoja mvua Kiirua tangu nizaliwe, nimengoja simu ya Nairobi ishike laini, nimengoja daktari akiwa nimekushika mkono. Hawawezi kunishinda kwa kuningojesha.

Kuna jambo dogo nimelibakiza. Mama hajui kompyuta ni nini. Nilimweleza mara moja tu, kwamba kuna shamba la Gitonga kwenye ile mashine ya mjini na mimi nalitunza. Hakuuliza zaidi. Lakini kila Jumatatu nikishuka barabarani jioni ananingoja pale kwenye ua wa michongoma, na kabla ya salamu anauliza, "Gitonga amevuna?" Mama yetu anayeuliza afya hata kwa kuku, anaanza na hilo.

Kwa hiyo lala salama, ndugu yangu. Nakuahidi mbele za Mungu: watoe sehemu ya pili kesho, ama wakae nayo mpaka nywele zangu zote ziwe nyeupe, siku lango litakapofunguliwa watalikuta jina lako juu yake na mimi chini nikifagia. Na Jumatatu hii Mama akiniuliza, nitamwambia ndiyo, Mama, amevuna.

Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi dada yako,
Karimi