Wamekuja Kumposa Beki Mstaafu

Hidaya, acha kuchambua hayo maharage usome. Mashabiki wa timu ya hapa Soni wametoka kwangu sasa hivi. Wamekuja na khanga na sukari kilo mbili, kama watu wanaoposa!

Wanamposa mwanangu Yusufu. Ati arudi kucheza beki Jumapili, tunacheza na timu ya Bungu. Mtu wa miaka arobaini na tatu, na goti lile lililomstaafisha!

Mshenga wao Abrahamu kinyozi. "Mama, hajatokea beki kama yule." Hajatokea! Si yeye aliyekuwa akimwita mlango wa choo, kila mtu anasukuma anapita?

Mwenzake Athumani akadakia, "Mlango wa choo alikuwa kweli, ila sasa hata huo mlango hatuna." Wakabishana humohumo sebuleni, vikombe vyangu mkononi.

Nikawaacha wamalize. Nikamwita Yusufu awasalimie. Akaja ameshika ukuta, kukaa tu kukamchukua muda mpaka chai yake ikapoa. Nikasema moyoni, yameisha.

Hidaya, unajua mwanangu alisema nini? "Mechi saa ngapi?"

Saa ngapi!

Viatu vyake nimevifukia kwenye gunia la viazi vya mbegu. Nimelikalia, ndipo ninapokuandikia.