Mama Hakukosa

Kazi tatu, Jumatano 27 Mei

Shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa ya avenue yetu, ilisali kwetu leo. Nilipanga viti toka saa nane: vyetu, vya jirani, na ile benchi yenye kuyumba. Mama alianzisha nyimbo. Sauti yake inafika mpaka barabarani. Hata bauza makala ya kupikia wanasimama kidogo.

Kisha Injili. Kisha ile saa ninaogopa. Kila muntu anachagua neno moja kwa yale tuliyosikia, analisema mara tatu, polepole, kimya katikati. Hakuna wa kumujibu. Njo sheria. Na kila juma, ile saa ikifika, mimi ninakumbuka kama maji iko kwa mbabula, lile jiko la makala. Leo pia nilikimbilia jikoni, nikachochea makala yenye kuwaka muzuri tu.

Mama Charlotte, kiongozi wa shirika, aliniona kwa dirisha.

"Weye finaliste, utaficha mudomo mpaka siku gani? Siku ya ndoa utamujibu padri na barua?"

Bamama bakacheka. Mama yangu pia. Nilitamani kuingia ndani ya sufuria.

Mama ameanza kufunga kwa ajili ya mutihani wangu wa diplome, ule wa kumaliza sekondari. Hali kitu mpaka jua lizame. Anasema hesabu na Kifaransa ni kazi yangu, ingine ni kazi yake na Mungu.

Shule ni Kifaransa. Kanisa ni Kiswahili bora. Nyumbani ni Kiswahili yetu. Hapa ndani ya daftari ninachanganya. Hakuna mwalimu.

Posho, Jumamosi 30 Mei

Mama hakukunywa dawa yake ya tension, ya damu kupanda. Jana pia. Anaikunywaka asubuhi, akishakula, na sasa asubuhi hali. Nilimuambia. Alicheka.

"Mwanangu, Mungu eko na pharmacie yake."

Sikusema tena. Mimi si muntu wa kusema mara mbili.

Kisha akabeba sahani ya sombe kwa muzee wa nyuma ya parcelle yetu, nyuma ya ukuta, yule mwenye batoto yake balimuacha. Akamuosha miguu. Yeye mwenyewe na njaa. Akarudi, akaloweka vitambaa vya altare. Ni yeye anafulia parokia vile vitambaa, toka mbele ya mimi kuzaliwa. Hakuna anayemulipa. Hakuna anayejua hata, isipokuwa vikiwa na doa.

Kazi moja, 1 Juni

Mama ameanguka.

Kwa robine ya maji. Mikono ndani ya sabuni. Nilisikia beseni tu. Nilipofika mudomo wake ulikuwa umevutwa upande wa kushoto. Mukono wa kuume unalala kama si wake. Aliniangalia. Alitaka kuniita. Ikatoka mate.

Taxi. Papa mbele. Mimi nyuma, kichwa ya mama kwa magoti yangu.

Munganga wa hospitali anasema AVC, kiharusi. Damu ilipanda, mushipa wa kichwa ukakataa. Aliuliza kama mama alikuwa anakunywa dawa yake. Papa aliniangalia. Niliangalia chini.

Nilirudi kukamata manguo ya mama. Kitambaa kimoja cha altare kilikuwa kingali ndani ya beseni. Maji ilikuwa baridi kabisa. Sikukigusa.

Kazi ine, 4 Juni

Nimekasirika.

Nimekasirikia Mungu. Ninaandika wazi, asome mwenyewe kama anajua kusoma.

Mama alifunga kwa ajili Yako. Si kwa ajili yangu tu. Alikuwa anaongea na Wewe wakati alipoacha dawa. Na Wewe ulikuwa unasikiliza, wanasema. Basi ulimusikia vile anaanguka.

Kwa avenue yetu kuna bwana mumoja anapiga bibi yake kila posho. Kila muntu anajua. Leo nimemupita. Alinisalimia. Mukono wake wa kuume unafanya kazi muzuri sana.

Sauti. Ungekamata kitu kingine. Ulikuwa na muili muzima wa kuchagua. Umechagua sauti.

Mangaribi nilipiga magoti kwa mazoea. Nilifungua mudomo. Nikaufunga.

Yenga, Jumapili 7 Juni

Abbé, padri wetu, alikuja hospitali misa ilipoisha. Alisema ni siri ya Mungu. Alisema Mungu anajaribu bale anabapenda. Ana sauti ya upole, abbé. Kisha akaangalia saa, kulikuwa na ubatizo.

Kama ile njo kupenda, apende muntu mwengine.

Tantine Astrid, dada wa papa, amefika toka Likasi na vyombo vyake vyote. Yeye hasemi siri. Yeye anasema sababu. Kwa Tantine hakuna ugonjwa yenye kuja bure.

"Kuna mulango munafungua humu ndani. Muntu wa sala haangukake hivi hivi."

Abbé anasema hakuna mwenye kujua. Tantine anasema anajua. Sijui gani inanichoma zaidi.

Kazi mbili, 9 Juni

Mama eko nyumbani. Hasemi. Anatembeza macho tu. Hospitali ilitupa vidonge vipya, na neno moja: visikose hata siku moja.

Asubuhi Tantine alivuta kiti mbele yake, magoti kwa magoti.

"Mulamu, sikia. Kama ulikosana na muntu, inua mukono. Kama ulikwenda kwa mufumu wa kupiga ramli, inua mukono. Kama ulikula franga ya shirika, inua mukono. Hatutakuchekelea."

Mama hakuinua. Machozi tu, upande mumoja, kwa sababu ule mwengine hauelewi tena.

"Unaona," Tantine akasema. "Zambi njo inalia."

Nilitaka kuvunja kitu. Nilikuwa na sahani mukononi. Niliiosha. Nikaiosha tena.

Papa alikuwa inje, anatengeneza radio yenye haijaharibika. Papa nimemukasirikia pia. Mama alipokuwa na sauti, papa alikuwa mucheshi. Ile ucheshi ilikuwa ya mama, alikuwa anaikopa.

Kisha Tantine akanigeukia.

"Na huyu wenu mwenye hasemake. Kimya ya namna ile, inakulaka bantu."

Nilielewa. Mtaa wetu wa Bel-Air muzima inaelewa kile kitu. Anataka kusema bulozi, uchawi. Anataka kusema niliuza sauti ya mama nipate diplome. Na mimi sikujibu, kwa hiyo nilifanana sawasawa na kile alichosema.

Amepanga yote. Kesho shirika inakuja kwetu tena, juu ya mama. Mbele ya bantu bote mama atainua mukono, atakubali kosa. Kisha nyumba itafunga. Mama wa kwanza. Bila chakula, bila dawa.

"Dawa inafungaka baraka," alisema.

Nilishaona mama akifunga bila dawa. Ninajua namna inaishaka. Safari hii haitabaki hata mukono wa kushoto.

Vidonge nimeviweka kwa mufuko wa jupe yangu ya shule. Tantine alivitafuta kwa kabati. Nilimuangalia akitafuta.

Saa kumi na moja nilibeba Biblia ya mama mpaka kwa Mama Charlotte. Yeye na mama balifundishwa ukomunyo pamoja. Nilitaka kumueleza yote. Njiani nilikuwa na maneno. Kwa mulango wake yakanikimbia. Nilifungua ile Injili ya kipofu wa kuzaliwa, nikaweka kidole, nikamupa.

Alisoma, amesimama, mikono na unga wa bukari, ule ugali wa jioni. Aliniangalia sana.

"Nimesikia," akasema.

Sikuwa nimesema kitu.

Kazi tatu, 10 Juni

Bantu balikuja bengi. Bengine si ba shirika yetu. Habari ya kosa la mama ilikuwa imetembea commune yote ya Kampemba, na hakuna mwenye alijua ni kosa gani. Balikuja kuijua.

Mama kwa kiti, katikati. Nilimufunga kikwembe chake cha bamama ba kanisa. Mukono wa kuume niliuweka kwa magoti, usianguke.

Hakukuwa na wa kuanzisha nyimbo. Mama Charlotte alijaribu, alianza juu sana, bamama bakamufuata mpaka pumzi ikaisha. Tukaacha.

Tantine alisimama. Alitaka mama aungame kwanza, mbele ya yote.

"Tantine wetu," Mama Charlotte akasema, "ku shirika yetu Neno njo linatangulia. Ikaa kwanza. Ulitoka Likasi, nusu saa haitakuua."

Muntu mumoja alicheka ndani ya mukono.

Mama Charlotte alisoma. Ile ya kipofu. Banafunzi banauliza Yesu nani alikosa, huyu ao bazazi yake, baba na mama. Banauliza kipofu akisikia. Eko pale pale mbele yao, na masikio yake mazima, na bo banatafuta kosa lake kama anapotea. Nilikuwa ninaijua toka ukomunyo. Sikujua kama iko mbaya vile. Na Yesu anabajibu kama hakuna aliyekosa, si yeye, si bazazi.

Kisha ile saa.

Tantine wa kwanza. Alichagua zambi. Mara tatu, na macho yake juu ya mama kila mara.

Muzee wa nyuma ya parcelle, yule wa miguu, alichagua matope. Yeye anachaguaka tu hivi. Juma lingine alichagua punda.

Mama mumoja akachagua nuru.

Kisha kimya. Mbabula ilikuwa jikoni. Maji ilikuwa juu. Hakuna mwenye alikuwa anaichunga.

Nilibaki.

"Hakukosa."

Ilitoka kama pumzi. Labda mama alisikia. Tantine alikohoa, akajiweka tayari kwa kusimama.

"Hakukosa."

Hiyo balisikia. Vichwa vikageuka. Miguu yangu ilinisimamisha, mimi sikuiomba.

"Hakukosa."

Sauti mbaya. Ya hasira. Sauti ya muntu anapiga mulango na ngumi. Sikujua kama ninayo. Nilikuwa ninaangalia Tantine, lakini sikuwa ninamuambia yeye peke yake. Nilikuwa ninaambia mpaka juu kule.

Tantine alifungua mudomo. Mama Charlotte akaweka kidole kwa mudomo wake mwenyewe. Sheria. Hakuna kujibu. Tantine akabaki vile, mudomo wazi, sheria imemukamata.

Maisha yangu yote kimya imekuwa ya kunifungia. Ile ya leo ilikuwa yangu. Niliikalia kama kiti.

Kisha yule muzee, wa matope: "Hakukosa." Mara tatu, polepole, na meno yake machache. Kisha Mama Charlotte. Kisha yule mama wa nuru, aliacha nuru yake. Kisha nyuma kabisa, kwa mulango, papa, radio mukononi.

"Hakukosa."

Mara moja tu. Zile zingine mbili alishindwa.

Mama hakuinua mukono. Alikuwa ananiangalia. Nilikuwa ninaogopa ataona haya. Hakuona.

Nilileta bukari kidogo na samaki. Nilimulisha pale, mbele ya bote. Kisha nikatoa kidonge kwa jupe.

"Huyu mutoto," Tantine akaanza.

"Astrid," papa akasema. "Muletee maji."

Tukangoja. Akaenda, akaleta maji.

Kazi tano, 12 Juni

Tantine amerudi Likasi. Mimi hakuniaga. Lakini alimuaga mama sana. Alimupaka mafuta ile mikono ya mama yote miwili, polepole, hata kati ya vidole. Alikuwa analia bila sauti.

Papa aliniambia akishaenda. Tantine alizika batoto babili, zamani, mumoja kisha mwengine. Toka ile siku anatafuta ni mulango gani aliacha wazi. Kama hakuna mulango, basi balikufa bure. Ile hawezi.

Nimekasirika na kwa ile pia. Sasa hata Tantine siwezi kumuchukia muzuri.

Posho, 27 Juni

Baridi. Vumbi kwa majani yote. Mutihani umeisha. Sijui nimefanya nini. Kwa Kifaransa niliandika sana, kwa hesabu kidogo.

Mama bado hasemi. Muntu wa kinésie, wa kunyoosha viungo, anakuja, anamukunja na kumukunjua, anasema polepole. Nyimbo zikianza kwa jirani, midomo ya mama inatembea. Haitoki kitu. Ninaacha kuangalia.

Vitambaa vya altare vilikuwa vinangojea toka siku ile. Mama Charlotte alitaka kuvipeleka kwa muntu mwengine. Nilisema hapana, niko. Alisema, "Ah, eko na mudomo kweli," akaniachia.

Sijamusamehe Mungu. Nimemuambia vile, asubuhi, magoti chini, kwa sauti. Hakujibu. Labda na Yeye anafuata sheria ya shirika.

Lakini vitambaa vyake nimevifua. Maji ya moto, sabuni ya mawe, kusugua bila kuvuta, vile mama anafanyaka. Nikavianika kwa kamba. Mama kwa kiti, ndani ya jua, blanketi kwa miguu.

Aliviangalia muda murefu. Kisha akainua mukono wa kushoto na kuonyesha.

Nilikaribia kamba. Sikuona kitu. Akaonyesha tena, na uso ule ule wa zamani wa kukosa uvumilivu. Nikainama zaidi. Kweli. Kwa pembe ya kitambaa kimoja, doa la divai, kadogo kama chawa.

Nikakitoa kwa kamba. Nikarudi kwa robine.