Kumchukua Baba Ulingoni

Kisanga

Dada Yudith,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila tumechoka. Maharage yameanza kutoa maua, na kitabu ulichonitumia nakisoma kidogo kidogo ili kisiishe upesi.

Jioni bado namfuata Baba kwenye ulingo wake wa kuwindia, kwa utaratibu ulionifundisha. Naswaga mbuzi hadi chini ya ngazi, naye anashuka katikati yao. Kulungu wamewazoea mbuzi, hivyo hawashtuki, na kesho yake wanarudi.

Juzi kulungu wawili walikuwa wanakula mbele yake kabisa, jua halijazama. Baba alishuka akipapasa kila kipago cha ngazi, bunduki begani, akaninong'oneza, "Leo hawakuja, mwanangu."

Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Mama anasema ni uchovu tu. Mimi siwezi kumwambia aiache bunduki. Wewe anakusikiliza. Njoo, dada, hata kwa siku moja.

Kwa sasa, nikienda kumchukua navaa shati jeupe la shule, maana linaonekana kwa mbali.

Mdogo wako,
Yared