Waliokuwa Ndani ya Kifaru

Migori, Jumatano, Machi 1997

Bado nimekasirika. Miezi mitatu nimekuwa nikimwambia kila mtu kwamba vifaru vya gemu hii ya kompyuta ni kama vya kweli: chuma cha mbele kinene, cha nyuma chembamba, mafuta yanaisha. Leo nikamwita Mzee Mwita, fundi wa magari hapa jirani, aje akubali mwenyewe. Alikuwa dereva wa kifaru katika jeshi la Tanzania wakati wa vita na Uganda.

Aliketi kando yangu akiangalia. Nikalipua kifaru cha adui, kikatoweka kwenye skrini.

"Mwalimu, hicho kimeenda wapi?"

"Kimekufa, mzee."

"Hakiendi popote. Kinabaki palepale na watu ndani. Mfuniko ukikwama, wanagonga." Akatoa spana mfukoni, akagonga meza mara tatu, akatulia, akagonga tena mara tatu. "Hivi. Halafu wanaacha."

Akaomba maji, akanawa mikono mlangoni. Kwao, mtu akitoka kuzika haendi nyumbani kabla ya kunawa.

"Na wewe nawa. Umeua wengi leo."

Nilicheka. Nikamwambia huu ni mchezo tu, aache kuniharibia.

Stima imepotea tangu saa moja, naandika kwa mshumaa. Kompyuta imezimika, lakini sanduku lake linagonga. Mara tatu. Kimya. Mara tatu. Chuma kikipoa hulia, najua, hata wanafunzi nimewafundisha.

Naenda kunawa.

Niliporudi, walikuwa wameacha.