Ushuhuda Alioupenda Mjomba

Kabambare, Jumapili jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri na paa linavuja juu ya kitanda. Nina hasira, ewe daftari, na leo sitaki kuificha.

Jumapili mbili zilizopita nilitoa ushuhuda. Tulikuwa watu kumi na wawili hivi barazani kwangu, wengi wao watumwa wa zamani waliobaki bila bwana tangu vita vya Wazungu na Waungwana, wale wafanyabiashara wa pwani, viishe. Mapadre wako mbali, huko ziwani, kwa hiyo mimi ndiye ninayeongoza sala. Niliwasimulia nilivyofungwa kamba shingoni nikiwa na miaka tisa, nikatembezwa hadi ziwani, na mapadre walivyonikomboa kwa kuwa nilikuwa naharisha na bei yangu ilikuwa imeshuka. Nikasema Mungu ndiye aliyenipitisha humo ili nimjue. Watu walilia.

Nilipenda walivyolia.

Nyuma yao alikaa mjomba, kaka wa marehemu mama, aliyetoka kwetu, upande wa Wamaza, kuja kunisalimu. Yeye ndiye aliyenitoa. Mwanawe alikuwa amemchoma mtu mshale mawindoni, wafiwa wakadai mtu kwa mtu, na kwetu anayetolewa ni mtoto wa dada. Wafiwa nao wakaniuza kwa msafara kabla mwezi haujaisha. Tangu nirudi kutoka kwa mapadre hakuwahi kunitazama usoni. Siku ile alinitazama, akatabasamu, akala mihogo na samaki, akaondoka mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Nami nikafurahi. Nilidhani huko ndiko kusamehe.

Leo amerudi. Mwanawe yule yule amefumaniwa na mke wa sultani wa kijiji chao, na sultani anataka mtu. Mjomba amemchagua Mauwa, binti wa marehemu mdogo wangu wa kike, mwenye miaka minane. Alinieleza haya kabla ya sala, huku akikausha miguu motoni kwangu. Hakuja kuniomba ruhusa. Alimleta mtoto mwenyewe, amempaka mafuta, anataka nimbariki kabla hajamtoa.

“Miye sikukuuza,” akaniambia. “Mungu njo alikutuma, miye nilikuwa mukono yake tu. Weye mwenyewe ulisema mbele ya batu. Sasa huyu mutoto naye amuone Mungu.”

Maneno yalikuwa yangu.

Sala ilipoanza nilisimama nikayakana. Nikasema Mungu hakunituma popote. Niliuzwa na mtu, na mtu mwenyewe yule pale karibu na moto. Mungu alinikuta njiani nimekwisha kufungwa, akatembea nami, na hayo ndiyo yote ninayoyajua juu yake. Watu walinikodolea macho. Safari hii hakulia mtu, nadhani ushuhuda ule wa kwanza ulikuwa mtamu zaidi.

Kisha nikamwambia mjomba amtoe mwanawe, naye amwone Mungu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mjinga, kwamba mwanawe si wake wa kumtoa, ni wa wajomba zake.

“Basi ujitoe weye,” nikasema. “Njia iko. Mungu atakukuta humo.”

Alikohoa.

“Kama sikukutoa,” akasema, “ungalimujua Yesu wapi?”

Nilimshika Mauwa mkono nikamwingiza ndani, nikamfukuza mzee mvuani bila kumwacha amalize kukauka. Alianguka mara mbili kwenye tope. Niliona raha, na niandike hivyo hivyo: kumwona mzee yule akitambaa kulinipa raha ambayo sala haijanipa mwaka mzima. Waungwana husema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi nilidhani nimepona kwa sababu nililiita jeraha langu zawadi, na zawadi ile karibu imwangamize mtoto.

Watu wa sultani watamfuata Alhamisi. Hakuna wa kuwazuia hapa, kwa hiyo kesho alfajiri naondoka naye kwenda kwa mapadre. Njia ni ile ile. Najua mahali walipomfungua kamba mwanamke aliyekuwa mbele yangu, kwa kuwa hakuweza kuinuka tena. Nilimruka nikaendelea kutembea, na sikuwahi kumwombea, wala katika ushuhuda wangu sikumtaja. Mungu alikuwa na kusudi gani naye? Anayelijua aje aniambie mimi, asimwambie Mauwa.

Mjomba akisikia tumefika ziwani, atawaambia watu kwamba Mungu ametumia mkono wake mara ya pili. Atatabasamu na kula kwa watu.

Aseme. Mauwa atafika shingo yake haina alama.