Nimeambiwa Nimpandishie Kinanda Mama Kunegunda

Mama mshauri, shikamoo. Naomba msaada, ila usinifokee kama ulivyomfokea yule kijana wa Mbinga aliyekuandikia juzi. Mimi ni Sixbert wa Mjimwema, mpiga kinanda wa kikundi cha maigizo ya nyimbo, na Songea nzima hakuna wa kunigusa, ulizia mpaka Peramiho, shule niliishia la tano lakini vidole hivi ni profesa. Aliyeniokota stendi nikibeba mizigo ni mama Kunegunda, mwigizaji wetu mkubwa, akanilisha, akanifundisha kuisikiliza sauti ya mtu kabla sijagusa kinanda, na yeye akiimba pale mke anapomngoja mume aliyekwenda kukata mkonge, ukumbi mzima unalia, hata wanaume wanaosingizia vumbi. Sasa sauti yake imeshuka na umri, mimi namshushia kinanda kimyakimya, naanzia noti ya chini anayoifikia, na watu hawajui, lakini mwenye kikundi, bwana Pankrasi, anasema mabanda ya video yanatumalizia watazamaji, anataka nafasi ile apewe Violeth, binti mdogo, na kumwambia mama anaogopa, kwa hiyo kaniita pembeni: "Dogo, Jumamosi mpandishie kinanda. Akikwama mbele za watu, ataondoka mwenyewe."

Nikamwambia, "Bosi, mwanaume mzima unamwogopa mama? Kamwambie mwenyewe."

"Basi rudi stendi kwenye mizigo yako."

Mama mshauri, kila nilicho nacho kimetoka kwa yule mama, na kazi naipenda, nifanyeje?

Sixbert, Mjimwema

Marahaba, profesa wa la tano. Kufokewa utafokewa. Bosi wako umeshamjibu, na umemjibu vizuri. Kwangu umekuja kutafuta wa kukushika mkono. Haya, nimekushika. Unajisifu hakuna wa kukugusa, halafu unatetemeka kufukuzwa? Kwaya ngapi zinatafuta mpiga kinanda!

Na hiyo siri yako acha. Aliyekufundisha kusikiliza sauti za watu, yake hajaisikia? Anajua unamshushia, anakustahi tu. Kwa hiyo leo, kabla ya mazoezi, nenda kwake, mwamkie, mweleze alichosema Pankrasi bila kupunguza. Kisha mshukuru kwa mdomo wako, maana shukrani zote hizi umenipa mimi nisiyekulisha hata tonge. Kuendelea au kumwachia Violeth, na kumfundisha akitaka, ataamua mwenyewe, tena akiwa na heshima yake.

Akiamua kuimba Jumamosi, ukikaa kwenye kinanda usimtazame Pankrasi. Mgeukie mama, umuulize, "Mama, tuanzie wapi?" Atakapoanzia, anzia hapo.