Damu ya Wazima

Basi damu yangu ya kwanza wakaimwaga, dada, wakidhani nimechanganya vichupa, nikatolewa nyingine. Lakini shikamoo kwanza, naona nimerukia mambo kabla ya salamu. Mama hajambo? Na huyo wa tumboni anarusha mateke? Mimi nipo.

Unajua kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara. Sasa daktari wetu, yule mama mpole, anapima protini moja kwenye damu ya wagonjwa. Anasema ni kama udongo unaoshika matofali ya mwili. Ndani pakiumia, mwili unakandika, na ukizidisha kukandika, ule udongo unaonekana mpaka kwenye damu. Iwe ini, iwe moyo, iwe mapafu, hata saratani, yenyewe inapanda tu. Inakuambia nyumba ina ufa, haikuambii chumba gani.

Akataka na damu ya watu wenye afya, ya kulinganishia. Tukajitolea sisi wafanyakazi. Mlinzi akanitania kwamba kwa ukimya wangu huu, nikichomwa yatatoka maji matupu. Tulicheka sana.

Majibu yakaja. Wenzangu wote viwango viko chini, changu kimepita hata vya wagonjwa. Ndipo wakasema nimechanganya. Mara ya pili, vile vile. Hakuna aliyeniambia kitu, ila mimi si unanijua, naangalia watu. Mpimaji alinivutia kiti. Mlinzi akaacha utani. Nikajua.

Daktari akaniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuumwa kifua. Nikamtaja marehemu baba, alivyokuwa akipumzika kila ngazi na sisi tukisema ni uzee. Akaniuliza tena, "Na wewe, mwanangu, ngazi unazipandaje?"

Nililia, dada. Hilo ndilo sijawaambia: tangu mvua zilizopita, ndoo ya maji naibeba kwa vituo. Nilijidanganya ni uchovu. Daktari anashuku ni mapafu, na anasema yakishakakamaa hayarudi, ila yakiwahiwa yanacheleweshwa. Na huenda ni ugonjwa wa ukoo. Kwa hiyo usinililie mimi. Nenda ukamweleze daktari wa huko habari za baba, akupime. Usingoje mpaka ujifungue.

Mama mwambie nakula vizuri. Mengine mfiche, msiba wa baba bado haujamtoka.

Naishia hapa. Wananiita kwenye picha ya kifua, shati nimeshavua, na kalamu ni ya nesi, amenisimamia aichukue.

Mdogo wako,
Kimya